Namna ya kuzifaidi riwaya nyepesi za mapenzi za enzi ya Regency

Nani atamwoa nani utajua tangu sura ya pili, na hakuna anayeficha. Utamu uko kwenye masharti: watu wawili wanapendana mahali ambapo karibu kila kitu ni aibu. Kwa hiyo jifunze masharti kwanza.

Enzi yenyewe ni Uingereza ya 1811 hadi 1820, Mfalme George III alipokuwa mgonjwa na mwanawe akitawala kwa niaba yake; utawala huo wa niaba ndio Regency. Vita dhidi ya Napoleon viliisha 1815, ndiyo maana mashujaa wengi wa riwaya hizi ni maofisa wa jeshi waliorudi na jeraha.

Majina ndiyo huwaangusha wasomaji wapya. Bwana mkubwa ana la ukoo na la cheo. Tuseme Edward Hale ni Earl wa Marwood: rafiki zake humwita Marwood, mkewe ni Lady Marwood, binti yake ni Lady Anne, mdogo wake wa kiume ni Bwana Hale tu. Ukidhani Lady Anne ni mke wa mtu, kitabu kizima kitakupotea. Andika majina kwenye kikaratasi na ukifanye alama ya ukurasa. Ngazi za vyeo, kutoka juu: duke, marquess, earl, viscount, baron.

Kisha dansi. Kucheza mara mbili na mwenzi yuleyule ni sawa; mara ya tatu, ukumbi mzima unangoja posa. Hapo punguza mwendo, usiruke mazungumzo kukimbilia busu. Watu hawa hutukanana kwa adabu, kwa mafumbo kama ya kanga, na sentensi ikikushinda isome kwa sauti. Kejeli husikika kabla ya kuonekana.

Sheria ya 1753 ilimtaka aliye chini ya miaka 21 apate ridhaa ya mzazi, na ndoa ya kawaida itangazwe kanisani Jumapili tatu. Scotland haikubanwa. Basi wapenzi hupanda gari la farasi kukimbilia Gretna Green, kijiji cha Scotland mpakani, huku baba akiwafukuza. Safari ya siku kadhaa kutoka London, na gurudumu lazima livunjike.

Kabla ya kununua, soma maelezo ya jalada la nyuma: baadhi huishia mlangoni mwa chumba cha kulala, vingine huingia ndani. Na ukiona ni mfululizo wa ndugu, anza na cha kwanza. Kwenye cha nne utawakuta wakubwa wote wana watoto, na raha ya kuwaona wakihangaika imekwisha.