Mfumo mpya ukiletwa kazini, shika daftari

Ofisi ikihama kutoka kwenye leja, yaani kitabu cha hesabu, kwenda kwenye kompyuta, usitegemee mafunzo ya siku moja. Mengi yatakutoka kabla ya wiki kwisha. Chukua daftari dogo, andika kazi unazozifanya kila siku, mfano kupokea mzigo, kutoa stakabadhi, kufunga hesabu za jioni. Chini ya kila moja andika hatua zake mpya, kitufe kwa kitufe, kwa maneno yako mwenyewe.

Halafu, na hili naliona kubwa zaidi, uliza wiki ya kwanza. Wakati huo wote ni wageni, hakuna atakayekushangaa. Ukikaa kimya miezi mitatu, swali lilelile litakuwa zito kulitamka.

Leja ya zamani msiiache mpaka mfunge hesabu za mwezi mmoja, na za pande zote mbili, leja na kompyuta, zilingane.