Darasa la chekechea kisiwani: funga paa mpaka kwenye msingi

Mimi ni fundi seremala kwenye visiwa vya wilaya ya Namayingo, Uganda, ndani ya Ziwa Viktoria, upande wa Sigulu na Lolwe. Nilianza na mitumbwi, nikahamia nyumba. Darasa la kwanza la chekechea nililojenga lilimaliza misimu miwili ya mvua, kisha alfajiri moja ya mwezi wa nne upepo wa ziwani ukalinyanyua paa lote, mbao na mabati, ukalilaza kwenye shamba la mihogo. Watoto walikuwa bado wamelala kwao. Nilipogeuza kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, pale shambani nikaona misumari yangu imetokeza kwenye ncha za mbao, mirefu, mizima, wala haikupinda hata mmoja. Upepo uliichomoa ukutani kama mtu anavyochomoa mwiba wa samaki.

Hapo ndipo nilipoelewa. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu. Mimi nilikuwa nimelijenga kama kitu cha kukaa tu juu ya ukuta.

Kwanza kiwanja. Sheria ya Uganda inataka mita 200 kutoka ufuko wa Ziwa Viktoria, na sababu tuliiona Mei 2020, ziwa lilipopanda likapita rekodi yake ya 1964 na mialo mingi ya wavuvi ikaingia maji. Nenda juu, lakini usijenge kileleni ambako upepo hauna kizuizi. Mti mkubwa uwe mbali kuliko urefu wake.

Chumba kiwe kifupi, mita 6 kwa 7 inatosha. Paa liwe la pande nne, kila upande ukiteremka, kwa sababu ukuta wa pembetatu wa paa la pande mbili ndio upepo unaupiga kwanza. Kwa kila mita moja ya kwenda ndani, paa lipande sentimita 60 hivi. Ukingo unaotokeza nje ya ukuta usizidi sentimita 45. Baraza lipewe paa lake peke yake: likichukuliwa, liende bila kuvuta la darasa.

Sasa kufunga, na hapa usikubali kuharakishwa. Nondo za milimita 12 zianzie ndani ya zege la msingi, zipande kwenye kila kona na kando ya kila mlango na dirisha, zifike juu zishikane na nondo za lenta, yaani boriti ya zege inayokaa juu ya kuta. Lenta hiyo izunguke kuta zote bila kukatika, kama mkanda kiunoni. Kabla hujamwaga zege lake, weka vipande vya ukanda wa chuma pale kila kenchi itakapokaa, katikati ya ukanda izame chini ya nondo, ncha mbili zitokeze juu. Kenchi ikishakaa, pitisha ncha juu yake, zirudi ubavuni, upigilie misumari pande zote mbili. Angalia msumari unavyofanya kazi: ukivutwa kwa urefu wake huchomoka, ukivutwa kwa ubavu hushika. Kosa langu la kwanza lote lilikuwa hapo. Papi, zile mbao za kupigilia mabati, nazo zifungwe kwenye kenchi kwa ukanda vilevile, zikae karibukaribu zaidi kwenye kingo na mgongoni, ambako mvuto ni mkubwa.

Mabati chukua geji 28. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na wauzaji hawakuelezi. Tumia skrubu zenye mpira, juu ya wimbi. Kwenye kingo ziwe kila wimbi la pili.

Simenti huja kwa boti, basi ifunikwe turubai na ikae juu ya mbao. Mfuko ulioshika mabonge usiutie kwenye lenta hata ukibembelezwa. Zege ni simenti ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4, kisha limwagiliwe siku 7. Wazazi wetu walipeana zamu za jerikeni, na sijaona zege gumu kama lile.

Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana, chini kiasi cha mtoto wa miaka minne kuona nje, yenye vifuniko vya mbao na komeo. Vioo hapana. Mlango ufunguke kwenda nje, na kitasa mtoto akifikie mwenyewe.

Radi usiisahau. Juni 2011 iliua watoto 18 katika shule ya msingi moja wilayani Kiryandongo, na sisi tuko kwenye ziwa ambalo hewa ya nchi kavu hukutana juu yake usiku na kuzaa ngurumo hadi asubuhi, saa zile watoto wanaanza kuja. Bati lisilounganishwa na ardhi halimlindi mtu. Shusha waya mnene wa shaba kutoka kwenye bati hadi fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini, kwenye kona mbili zinazokabiliana, mbali na mlango. Lolwe ni mwamba mtupu, fimbo haizami. Huko tunachimba mfereji kuzunguka darasa na kulaza waya humo. Kazi hii muite anayeijua.

Mwenyekiti wa kamati aliniuliza, "Fundi, hivyo vyuma vyote vitaonekana wapi? Wafadhili wanataka picha." Nikamwambia, "Mzee, havitaonekana. Rangi tutapaka pesa ikibaki." Alikaa kimya, halafu akafuta rangi kwenye orodha. Namheshimu mpaka leo.

Kila Februari na Agosti, kabla ya mvua, panda ngazi. Shika kila ukanda kwa mkono, utikise, ukaze skrubu zilizolegea, kwangua kutu upake rangi ya kuzuia. Mwalimu wa pale sasa ananishikia ngazi na kuhesabu kwa sauti. Kanda ziko 22, na asiposikia 22 hanishushi.