Pikipiki ya motokrosi haikati kona? Pima springi kabla ya kugusa skrubu

Jumamosi kijana mmoja aliniletea cc 250 yake: kona anaingia vizuri, akifungua mafuta inampeleka nje. Skrubu za shokapu, zile za kurekebisha kasi ya kushuka na kurudi kwake, alishazizungusha zote mpaka kasahau zilianzia wapi. Springi hakuigusa.

1. Pikipiki kwenye stendi, tairi la nyuma lining'inie. Pima wima kutoka ekseli hadi alama ya kalamu kwenye madigadi. Andika.

2. Ishushe, mwendeshaji apande na buti, helmeti na kila kitu, asimame kwenye vikanyagio. Pima tena. Kwa pikipiki kubwa tofauti iwe kama milimita 100 hadi 105. Ukikaza springi nyuma inanyanyuka, kona za kubana zinakuwa rahisi, ila kwenye mnyooko wa kasi usukani unaanza kutikisika. Ukilegeza inatulia kwenye kasi, lakini konani inapanuka. Chagua kwa kuangalia uwanja. Kukazia, zungusha ringi iliyo juu ya springi kwa spana ya ndoano. Ukija kwangu na patasi na nyundo nakurudisha.

3. Sasa pima bila mtu, pikipiki ikiwa chini, na utoe kwenye kipimo cha kwanza. Hapa niliwahi kupoteza mchana mzima na hela. Mtu akiwa juu nilipata 103, safi. Bila mtu, 15 tu. Nikasema springi ngumu, nikaweka laini zaidi. Balaa: kila breki nyuma inarukaruka.

Ni kinyume. Springi laini inabidi uibane sana ndipo imbebe mtu, kwa hiyo akishuka inaisukuma pikipiki juu yote. Ukishapata 100 hadi 105 na mtu, bila mtu tafuta 30 hadi 40. Chini ya hapo springi ni laini mno kwa uzito wako; ikizidi, ni ngumu mno.

Lakini usikimbilie dukani. Kandamiza nyuma, iachie taratibu, pima. Inyanyue, iachie taratibu, pima. Vipimo vikipishana sana, beringi za chini ya shokapu zimekauka na namba zako ni za uongo. Fungua, safisha, paka grisi, anza upya. Na ukisogeza gurudumu kukaza cheni, pima tena.

4. Shokapu za mbele: zipandishe milimita 2 au 3 kwenye vibano vinavyozishika chini ya usukani kama bado kona ni nzito. Jaribu mizunguko mitano, kitu kimoja kwa wakati.

5. Skrubu, mwisho.

Yule kijana: 104 na mtu, 18 bila mtu. Skrubu tumezirudisha katikati, springi tumeagiza.