Tengeneza sensa ya gesi ya ZIF-8 juu ya slaidi ya kioo, hatua kwa hatua

Tangu Nobeli ya kemia ya 2025 iende kwa Kitagawa, Robson na Yaghi watu wanauliza sana hizi MOF (fuwele za metali zilizounganishwa na molekuli za kaboni, zenye matundu madogo sana) zina kazi gani, basi leo tutengeneze moja inayonusa gesi. Tunatumia ZIF-8, yaani zinki iliyofungwa na 2-methilimidazoli, kwa njia ya Lu na Hupp wa Northwestern University ya 2010, kuotesha utando wenyewe hakuhitaji moto wala mashine kubwa, ovena na mashine ya kupima vinakuja mwishoni.

Hatua 1. Yeyusha zinki naitreti yenye maji sita gramu 0.372 kwenye methanoli mililita 50, na chupa nyingine 2-methilimidazoli gramu 0.205 kwenye methanoli mililita 50. Methanoli ni sumu ya kupofusha na inawaka haraka, so glavu, miwani, na ufanyie kwenye kabati lenye feni ya kunyonya mivuke.

Hatua 2. Osha slaidi ya maikroskopu kwa asetoni afu ethanoli, ikauke vizuri. Alama za vidole zikibaki utando hautashika sawasawa.

Hatua 3. Changanya mililita 5 za kila chupa, zamisha slaidi hapo hapo, subiri dakika 30, suuza na methanoli safi, kausha kwa naitrojeni. Rudia kwa mchanganyiko MPYA kila raundi, ule wa zamani umeshageuka maziwa na chembe zake zinatua ovyo. Kila raundi inaongeza kama nanomita 100, kwa hiyo raundi kumi zinakupa maikromita moja hivi, na ukiinamisha kwenye mwanga unaona rangi rangi kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji.

Hatua 4. Slaidi ikishakauka kabisa iweke kwenye ovena nyuzi 100 masaa kadhaa, methanoli iliyojificha kwenye matundu itoke.

Hatua 5, na hapa ndo penye utamu. Weka slaidi kwenye spektromita ya UV-Vis (mashine inayopima mwanga wa kila rangi unavyopita) ndani ya kichemba chenye naitrojeni kavu, utaona grafu ya vilele na mabonde, yanatokana na mwanga unaodunda ndani ya utando, zihifadhi hizo ndo sifuri yako. Sasa pitisha naitrojeni iliyobubujika kwenye heksani: molekuli zinajaa kwenye matundu, mwanga unapunguza mwendo ndani ya utando, vilele vinasogea upande wa rangi nyekundu. Rudisha naitrojeni tupu, virudi vilipokuwa.

Usishangilie bado. Jaribu saikloheksani. Mlango wa matundu ya ZIF-8 una angstromu 3.4 tu (angstromu moja ni sehemu ya kumi ya nanomita), unatanuka kidogo, heksani nyembamba inajipenyeza ila saikloheksani imenenepa inabaki nje, kwa hiyo vilele vikisogea sana na hapa pia ujue utando una nyufa na mvuke unapita pembeni ya fuwele, hiyo slaidi tupa uanze upya. Watu wengi wanaruka hili jaribio, kwangu mimi bila hilo huna sensa.

Kwa walioko Dar au Mombasa, ZIF-8 haipendi maji, unyevu hauisumbui sana, tofauti na HKUST-1, MOF nyingine ya shaba, ambayo inajaa maji ya hewani kabla gesi haijafika. Asidi ndo adui wake, inaiyeyusha.

Propani, mojawapo ya gesi za mtungi wa kupikia, nayo inaiona, ila usiifunge jikoni kama alamu ya mtungi: ethanoli pia inaingia kwenye matundu yale yale, mtu akifungua spiriti karibu vilele vinasogea vile vile.