Kumsomea Mtoto Riwaya ya Kihistoria Yenye Machungu

Kabla mtoto hajaona hata jalada, kisome kitabu peke yako hadi ukurasa wa mwisho. Riwaya za kihistoria kuhusu watoto waliofanyishwa kazi migodini, waliokimbia vita au waliobaki yatima zina tabia ya kuficha ukurasa mzito katikati ya sura iliyoanza kwa furaha. Ukikutana na ukurasa huo kwa mara ya kwanza ukiwa mbele ya mtoto, sauti itakukatika, utaruka aya, na yeye atajua umeruka. Baadaye atakichukua kitabu kwa siri na kuusoma ukurasa uleule bila mtu wa kumuuliza.

Andaa vipande vya karatasi vya rangi tatu. Rangi ya kwanza iweke penye kifo, kipigo au mtoto kutenganishwa na wazazi. Ya pili iweke penye maneno yanayotaka maelezo: vipimo vya zamani, vyeo, matusi ya enzi hizo. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, iweke kila mahali mhusika anapocheka, anapopata rafiki, anapomzidi ujanja msimamizi katili au anapokula akashiba. Ukimaliza, kiangalie kitabu kwa ubavuni. Kama kuna sura mbili au tatu mfululizo zisizo na hata kipande kimoja cha rangi ya tatu, kitabu hicho ni cha mtoto wa miaka 12 na kuendelea, hata kama lugha yake ni nyepesi. Mtoto wa miaka 8 huweza kustahimili njaa, kupotea na hata kifo hadithini, ilimradi awepo mtu mzima mmoja mwema na msaada usichelewe mno. Asichoweza kustahimili ni ukatili usiokatika.

Soma kwa sauti, hata kama mtoto anajua kusoma vizuri. Dakika 20 zinatosha kwa wa miaka 8 au 9. Wakubwa zaidi wanaweza kufika 30. Usisome wakati wa kulala. Acha angalau saa moja kati ya kitabu na kitanda, maana swali la mtoto mara nyingi huja akiwa anafanya jambo jingine kabisa, na anahitaji kukukuta ukiwa macho. Pia usiishie mwisho wa sura kwa sababu tu sura imeisha: waandishi hupenda kufunga sura mhusika akiwa hatarini. Songa mbele ukurasa mmoja au miwili hadi mhusika apate pa kujibanza, kisha funga.

Ukifika kwenye kipande cha rangi ya kwanza, usibadili sauti ikawa ya msibani. Punguza mwendo tu, soma sentensi kama zilivyo, kisha nyamaza kidogo. Kimya hicho ni chake, usikijaze na “Umejisikiaje?” Akitaka kusema, atasema. Asipotaka, endelea.

Kazi inayodai maarifa zaidi ni kutenganisha yaliyotokea na yaliyobuniwa. Riwaya nyingi za aina hii zina maelezo ya mwandishi mwishoni. Wewe yasome mapema. Kisha chora mstari katikati ya karatasi: upande mmoja “Ilitokea”, upande wa pili “Ilibuniwa”. Tuseme hadithi ni ya mvulana katika mgodi wa makaa ya mawe Uingereza kabla ya mwaka 1842. Jina lake, rafiki yake na maneno yao vinaweza kuwa vya kubuni. Lakini kazi ya kukaa gizani kwa muda wa saa 12 ukifungua na kufunga mlango wa kupitishia hewa kila toroli linapopita ilikuwa kazi ya kweli ya watoto, wengine wa miaka mitano au sita. Sheria ya mwaka 1842 ilipiga marufuku wanawake wote, wasichana wote, na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Msomaji wa miaka 10 atapiga hesabu mwenyewe na kugundua kwamba sheria hiyo isingemkinga mvulana wa umri wake. Mwache aigundue.

Picha husaidia kuliko maelezo marefu. Kuanzia mwaka 1908 Lewis Hine alizunguka Marekani akiwapiga picha watoto viwandani na migodini, akiandika umri wao na kazi zao. Chagua mbili au tatu tu. Ishirini kwa mkupuo humfanya mtoto aache kuwaona watu waliomo.

Katika kitabu cha aina hii kuna kishawishi cha kuwaigizisha watoto mateso. Usifanye hivyo. Ukigawa darasa kuwa mabwana na watumwa, au walinzi na wafungwa, mmoja atafurahia kutesa, mwingine atadhalilika kweli, na historia haitakuwa imefundishwa. Kupima ni jambo jingine: nyoosha kamba sakafuni ionyeshe urefu wa chumba kinachotajwa, pima uzito wa mkate, hesabu saa za kazi kwenye saa ya ukutani. Hata zoezi linaloonekana jepesi lina mtego. Kati ya Desemba 1938 na Septemba 1939 watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, walipelekwa Uingereza bila wazazi wao, wakiwa na sanduku dogo. Kuwauliza watoto wangepakia nini kunavutia, lakini kama katika kundi yupo aliyewahi kuhama usiku, kwake hilo si zoezi. Mtoto wa namna hiyo, au aliyefiwa, zungumza na mlezi wake kabla ya siku ya kwanza, kisha mwambie mwenyewe faraghani kitabu kinahusu nini. Mpe ruhusa ya kutoka bila kueleza sababu, na kamwe usimgeuze shahidi mbele ya wenzake.

Kosa linaloharibu vitabu vingi kuliko yote ni sentensi hii: “Umeona ulivyo na bahati?” Mtoto alikuwa ameshikamana na mhusika; ghafla anasikia anakaripiwa kwa kuwa na viatu. Kuanzia hapo atasikiliza kwa kujihami. Uliza badala yake juu ya uamuzi: kwa nini alificha barua? Nani angeweza kumsaidia akanyamaza? Alijua nini ambacho msimamizi hakukijua? Maswali haya humfanya mhusika aonekane mtu mwenye akili na hila zake, asiwe kiumbe cha kuhurumiwa tu.

Kuhusu matusi ya kikabila au ya rangi yaliyomo kitabuni, amua kabla ya kuanza kama utayatamka. Kama hutayatamka, sema wazi: “Hapa mwandishi ameandika tusi lililotumika wakati huo, nami silitamki.” Kulibadilisha kimyakimya huwafanya waovu waonekane wapole kuliko walivyokuwa.

Jiandae kwa swali la mwisho, kwa sababu litaulizwa: mambo haya bado yapo? Jibu kwa ukweli, kwa kipimo cha umri wake. Sheria haikumaliza tatizo kwa siku moja. Ile ya viwanda vya nguo ya mwaka 1833 nchini Uingereza ilianza na wakaguzi wanne tu. Mwaka 2024 watoto wapatao milioni 138 duniani walikadiriwa kuwa katika ajira ya watoto. Kwa mdogo, takwimu hiyo iache. Mwambie kwamba bado wapo, na kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kuwatoa huko. Kisha kiache kitabu rafu ya chini, vipande vya rangi ya tatu vikiwa bado ndani, apate pa kufungulia akirudi peke yake.