Jinsi ya kuomba digrii ya uhasibu na fedha Uingereza ukiwa Lubumbashi

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, hakosi leki (mdogo wangu) mmoja wa kunifuata nyumbani na simu mkononi: "Yaya, nisaidie kujaza UCAS." UCAS ndiyo mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vikuu vya Uingereza. Namuuliza kwanza kama ana pasipoti. Hana. Bultini za alama za shule? Ziko kwa baba, Likasi. Basi fomu tunaiacha. Kuijaza ni kazi ya siku mbili tatu tu. Kinachokula miezi ni karatasi za hapa nyumbani, na ndizo nitakazozisemea zaidi.

Kozi yenyewe huitwa Accounting and Finance, masomo mawili katika digrii moja. England huchukua miaka 3, Scotland 4. Mara nyingi utaikuta na msimbo NN34 au NN43, kwa sababu katika mpangilio wa zamani wa misimbo N3 ilikuwa fedha na N4 uhasibu. Upande wa uhasibu unajifunza kuandika na kukagua hesabu za kampuni. Upande wa fedha unajifunza pesa itoke wapi, iwekwe wapi, na hatari yake ipimwe vipi. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kubembelezwa aone faida: bei ya shaba hutajwa London Metal Exchange, soko lililoanza mwaka 1877, na ikishuka huko hata mama anayeuza vitenge soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anajua.

Majina matatu, nafasi mbili

Anza na pasipoti. Sisi tuna jina, postnomu (jina la pili) na jina la ubatizo. Fomu ya Waingereza ina nafasi ya jina la ukoo na ya majina binafsi, basi. Postnomu iende wapi? (Tumeirithi tangu Mobutu alipofuta majina ya Kikristo mwaka 1972, yalipoturudia, hatukuitupa.) Usiulize rafiki, kila mmoja atakupa jibu lake. Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti, tazama ile mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Baada ya herufi tatu za nchi, kila kilichoandikwa kabla ya alama mbili << ni jina la ukoo, kinachofuata ni majina binafsi. Nakili hivyohivyo kwenye UCAS, kwenye mtihani wa Kiingereza, benki na visa.

Kisha linganisha na diploma na hati ya kuzaliwa. Kama moja inasema Kalenga na nyingine Kalenge, rekebisha sasa. Kama hati ya kuzaliwa huna kabisa, jua kwamba mtoto asiyeandikishwa ndani ya siku 90 hapewi hati na komine (ofisi ya manispaa) bila hukumu ya mahakama. Hiyo nayo ina foleni yake.

Diploma na bultini

Utahitaji Diploma ya Serikali, au cheti cha muda cha kufaulu kama diploma haijatoka, pamoja na bultini za miaka yote 4 ya humanite (sekondari ya juu). Zote zipite kwa mtafsiri aliyeapa, ziwe Kiingereza, na nakala za Kifaransa ziambatane nazo.

Hapa wengi huvunjika moyo: vyuo vingi vya Uingereza havimwingizi mwenye Diploma ya Serikali moja kwa moja mwaka wa kwanza. Humtaka apite mwaka wa maandalizi, au awe amemaliza mwaka mmoja wa chuo kikuu. Kwa hiyo mwaka mmoja Kasapa, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitivo cha uchumi na usimamizi, haupotei. Uliza chuo kwa barua pepe kabla ya kulipa chochote, na utaje optio (mchepuo) yako. Aliyesoma Komersiale na Jestio (biashara na usimamizi) ataulizwa alama za hesabu. Aliyesoma Math-Fizike ataonekana vizuri hata kama hajawahi kuona bilani (mizania).

Kiingereza ni lazima. Kozi hii mara nyingi hutaka alama 6.0 hadi 6.5 za IELTS (mtihani wa Kiingereza), na visa ya digrii inadai kiwango cha B2 (juu ya wastani). Hakikisha ni aina ya mtihani inayokubaliwa kwa visa, na angalia kituo cha karibu kiko wapi kabla ya kuchagua tarehe.

Fomu ya UCAS

Unafungua akaunti wewe mwenyewe, bila shule. Unachagua kozi zisizozidi 5; chuo kimoja hakioni vingine ulivyoomba. Ada kwa wanaoingia 2026 ni paundi 28.95, kwa kadi ya benki. Siku ya mwisho ya kutazamwa sawa na wenzako huwa Januari: kwa 2026 ilikuwa tarehe 14, saa 18:00 za London, yaani 20:00 za kwetu. Usingoje usiku huo, na umeme wetu huu.

Barua ya kujieleza sasa ni maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya shule umefanya nini. Jumla ni herufi 4,000 pamoja na nafasi, kila jibu lisipungue 350. Usiandike kwamba tangu utotoni ulipenda namba. Andika ulichokiona: daftari la madeni la mama, hasara ya kununua kwa dola na kuuza kwa franka. Kama umesoma SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu wa nchi zetu za OHADA wenye namba maalumu kwa kila konti, sema hivyo. Unajua 57 ni kesi (pesa taslimu) na 52 ni benki bila kufungua kitabu. Uingereza sheria haiwapangii kampuni namba za konti, na mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo kwa mistari mitatu amekwisha kuonyesha kwamba anaelewa.

Mtu wa kukushuhudia awe prefe (mkuu wa shule) au mwalimu wako. Ndugu na rafiki hawakubaliki. Mwonye mapema kwamba UCAS itamwandikia, asije akadhani ni matapeli.

Pesa ya baba mdogo

Majibu yakija, unachagua chuo cha kwanza na cha akiba. Ukitimiza masharti na kulipa amana, chuo kinakupa namba ya CAS (uthibitisho kwamba kimekukubali), nayo ndiyo inafungua njia ya visa. Visa inataka karo ya mwaka wa kwanza iliyobaki, pamoja na pesa ya kuishi miezi 9: tangu Novemba 2025 ni paundi 1,171 kwa mwezi nje ya London, yaani 10,539 kwa jumla, na 1,529 kwa mwezi ukiwa London.

Pesa hiyo ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Na lazima iwe konti yako, au ya baba au mama mzazi au mlezi wako wa kisheria, pamoja na hati ya kuzaliwa na barua ya ridhaa yao. Kwetu baba mdogo ni baba. Kwa ofisa wa visa si baba, hata kama ndiye aliyekulipia minervali (karo ya shule) tangu darasa la kwanza. Kama ndiye mfadhili, ahamishe pesa kwenye konti yako, siku 28 zianze kuhesabiwa hapo. Taarifa ya benki isizidi siku 31 siku unapoomba.

Yaliyobaki ni mafupi. Mkongomani anahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Hudumu miezi 6. Ada ya afya ni paundi 776 kwa mwaka, na italipwa ya miaka yote kwa mara moja, mbali na ada ya visa. Alama za vidole hazichukuliwi Lubumbashi, kwa hiyo weka nauli ya ndege ya Kinshasa katika hesabu tangu mwanzo. Unaweza kuomba miezi 6 kabla ya kozi kuanza. Fomu itakuuliza tena majina yako. Fungua tena ule ukurasa wa picha.