Ujanja wa dawa kwenye Skyrim, hatua kwa hatua

Wadau, maelezo ya gemu ya Skyrim (2011) hayakuambii hili: gemu inahesabu nguvu za vifaa vyako vya uchawi kama vile ni sehemu ya uchawi wa uponyaji. Kwa hiyo ukinywa dawa ya kuongeza uponyaji, kila utakachovaa baada ya hapo kinapanda nguvu.

Tafuta pete, mkufu, glavu na kofia zinazoongeza ustadi wa kutengeneza dawa. Kwenye meza ya kutengenezea dawa changanya chumvi na samaki anayeitwa Abecean Longfin, upate hiyo dawa ya kuongeza uponyaji. Fungua begi, kunywa, vua vyote, vaa tena hapohapo. Begi likiwa wazi muda umesimama, huna haja ya kukimbizana. Rudi mezani utengeneze nyingine, itatoka kali zaidi. Rudia. Ukitosheka, tengeneza dawa ya uhunzi ukanoe upanga.

Sevu kwanza, tena kwenye faili jipya! Ukizidisha, namba zinageuka hasi au gemu inajizima. Mimi huwa naishia pale joka linapokufa kwa pigo moja. Zaidi ya hapo ni fujo tu.

Kama kompyuta yako ina ile pachi ya mashabiki (marekebisho ya gemu waliyotengeneza wachezaji wenyewe), usihangaike. Walishauziba ujanja huu.